Nilimugombeza Mama Zaina bure

Leo nimemugombeza mama mwenye umri wa mama yangu, na kosa lilikuwa langu.

Mama Zaina njo anaandika kwenye ordinateri, kompyuta ya ofisi yetu, majina ya watu waliopotea wakati wa vita. Mimi nilitengeneza programu ya kusoma faili yake.

Asubuhi programu ikakataa: "Hakuna maandishi."

Nikasema mbele ya ofisi nzima: "Mama, faili yako imeharibika. Anza upya."

Akatoa makaratasi yake, akaanza tena na jina la kwanza.

Ni la ndugu yake. Alipotea kwenye njia ya kwenda mji wa Kama.

Saa sita nikaona kosa. Nilikuwa nimeipa programu jina la faili tu, si maandishi yaliyo ndani. Ilikuwa inasoma jina, basi!

Nikarekebisha mustari mumoja. Majina yote yakatoka, hata moja halikukosa.

Nikamufuata Mama Zaina inje. "Pardon, mama. Kosa ni langu."

"Haina neno, mutoto wangu. Lakini kule ndani wanajua ni mimi niliharibu."

Nikakimbia ndani kusema. Wote walikuwa wameenda kula.

Wenzangu wa ofisi, muko munasoma haya?