Waya Niliouziba Mdomo

Siku ile ya kambi ya Mugunga naikumbuka vizuri, mwanangu. Viganja vyangu havijakubali niisahau.

Ilikuwa wakati wa vita, watu wa Masisi wamejaa kambini, wanapewa mahindi makavu. Bila unga hakuna bugali, na watoto walikuwa wanaumwa matumbo kwa kutafuna punje. Mimi nilikuwa fundi kijana wa mtaa wa Ndosho, kiburi kimenijaa. Mashine yao ya kusaga, niliyoitwa kuiendesha, ilitumia umeme wa jua: chipu ndogo inatuma mapigo ya umeme, transista zinayapokea, moteri inazunguka. Na kulikuwa na waya mmoja mwembamba wa kulinda. Moteri ikikwama, waya unaiambia chipu, mapigo yanakatwa palepale, mpaka mutu aje aangalie kuna nini.

Nikaiwasha. Ikazunguka kidogo, ikasimama. Nikaiwasha tena, ikasimama tena. Mama Furaha, aliyekuwa mbele ya foleni, akaniuliza, "Fundi, mashine yako nayo imekimbia vita, imechoka?"

Foleni nzima ikacheka. Aibu gani ile! Nikasema waya huu ni mwoga tu. Nikaukata, nikafunga kipande kingine cha kuidanganya chipu kwamba mambo ni sawa siku zote.

Ee Mungu wangu! Haikumaliza dakika. Transista zikapasuka, pa! pa! pa! Kambi nzima ikalala chini, maana aliyekimbia risasi haulizi. Mimi nilijikuta chini ya meza, Mama Furaha juu yangu, na beseni lake la mahindi juu yetu wote.

Muzee Kambale, aliyenifundisha kazi, akaja akafungua mashine. Akatoa kijiwe cheusi cha volkano kilichoingia na mahindi kikaikwamisha moteri, akakiweka mkononi mwangu.

"Hiki ndicho mashine ilichokuwa inakulilia, wewe ukaiziba mdomo. Sasa watoto wa hawa mama watakula nini?"

Transista mpya zilikawia wiki mbili, na wiki mbili hizo nilitwanga mahindi ya foleni kwa mchi, malengelenge mikono yote. Nikipumzika kidogo tu, Mama Furaha anapiga kelele, "Fundi, mbona unasimama? Kwani wewe una waya?"

Mchelea mwana kulia hulia yeye, mwanangu. Kitu kikikusimamisha, usikivunje kabla hujakiuliza kimeona nini. Zima, fungua, toa kijiwe, ndipo uwashe. Mungu akupe kazi nyingi na mahindi yasiyo na mawe. Na mawe yakiwemo, akupe masikio, akuepushe na mchi wa Mama Furaha.