Tulivyoiachia script maandalizi ya kernel, na huruma ya Mama Awino iliyokaribia kumfukuzisha mtu kazi

Wakuu, niaje. Nyuzi zenu nimezisoma kimya muda mrefu, leo wacha nami nimwage yangu. Haya niliyaona kwa macho yangu na chumvi sijaongeza. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wengine bado wapo na ni watu wa maneno.

Ni miaka ya themanini katikati. Nilikuwa naishi mtaa wa Kaloleni kwa wazazi, baba akiwa mtu wa reli, na kila siku natembea kwa miguu hadi Industrial Area. Huko kulikuwa na kampuni ndogo iliyouzia viwanda computer na kuzitunza.

Vijana wa siku hizi, computer yenyewe ilikuwa kabati. Majirani walidhani mimi ni typist, nikachoka kubishana nao.

Tulikuwa operators wawili. Asubuhi alikuwa Mama Awino, mama wa makamo tuliyesali naye kanisa moja pale mtaani. Mchana ilikuwa zamu yangu. Kazi yetu kubwa ilikuwa kujaribu kernel kabla haijaenda kwa mteja.

Kernel ndiyo moyo wa operating system, ile programu inayoendesha mashine nzima. Inagawa memory, inaamrisha disk na tape, yaani kanda za kuhifadhia data. Ikikosea, mashine nzima inaganda.

Majaribio yenyewe yalikuwa kwenye scripts, yaani amri zilizoandikwa mapema ambazo mashine inazifuata yenyewe moja baada ya nyingine, lakini maandalizi tulifanya kwa mkono. Unazima mashine na kuiwasha upya, unaunganisha disk ya majaribio, unafuta mabaki ya jana, unaweka tape, ndipo unaita script. Kila mtu alikuwa na mkono wake, kama kupika ugali.

Basi akaletwa Kamau, kijana wa mtaa wa Bahati, bado yuko kwa probation. Yeye aliandika code ya sehemu ya kernel inayoendesha tape. Mpole, tai shingoni hata siku ya jua kali. Mama yake na wadogo zake walikuwa wanamtegemea yeye tu, na kazi ya namna ile haikuwa ya kuokota barabarani.

Shida ikaanza. Asubuhi kazi ya Kamau inapita majaribio yote. Mchana, kwangu, inaganda kwenye jaribio la tape. Kesho yake vivyo hivyo.

Ofisini utani ukaanza, ati Kamau ameandika kernel inayosinzia baada ya lunch. Wengine wakanong'ona kwamba mimi nina kinyongo naye. Hilo liliniuma, sifichi.

Meneja hakucheka. Alisema kitu kinachopita asubuhi na kuanguka mchana hawezi kumpelekea mteja. Wiki ikiisha hivyo, Kamau aende nyumbani.

Mimi niliamini kabisa kijana hana kosa. Nilijiambia tatizo ni mikono yetu sisi operators, mmoja anasahau hiki, mwingine kile. Nikaamua kuyatia maandalizi yote ndani ya script moja, kufuata maagizo ya kazi yalivyo, ili mtu abonyeze mara moja kisha akae kando.

Haikuwa rahisi. Kufuta mabaki ndiko kulikonitisha zaidi, kwa sababu kama disk ya majaribio haijaunganishwa, script ingefuta disk ya kazi na mimi ndiye ningetangulia nyumbani kabla ya Kamau. Nikaiambia ikague disk kwanza, na isipoiona isimame hapo hapo.

Ilipokuwa tayari nikamwita meneja asubuhi, zamu ya Mama Awino, ili aone mwenyewe Kamau hana hatia.

Ikaganda.

Tukarudia. Ikaganda palepale, jaribio lilelile la tape.

Kamau akanitazama. "Wee Nekesa, si umenimaliza? Sasa mathe nitamwambia nini?"

Nilitaka kumtetea, kumbe nimemchimbia shimo mbele ya bosi. Niliona aibu kubwa.

Ndipo Mama Awino akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Lakini yawa, mbona hamkuizima hapo katikati?"

"Katikati wapi?" meneja akashtuka.

"Kabla ya hiyo ya tape. Mimi huizima, nikaiwasha tena, ndio iendelee. Siku ya kwanza iliganda, nikaona huyu mtoto wa watu atafutwa bure. Si nikamsaidia?"

Mama wa watu hakuwa na ubaya hata chembe. Kila asubuhi alikuwa anamfagilia Kamau njia, na mchana mimi nisiyejua lolote namwacha ajikwae.

Nilidhani Kamau atawaka. Wapi! Alivuta kiti akakaa. "Kama kuizima kunaiponya," akasema, "basi kuna kitu code yangu inachukua na hairudishi."

Kabla ya lunch alikuwa amekipata. Kila tape iliposomwa, hata kwenye majaribio ya mwanzo, code yake ilichukua kipande cha memory na kukisahau huko, mpaka memory ikajaa na mashine ikaganda. Akarekebisha, tukaita script, hakuna aliyegusa kitu. Ikapita. Mchana ikapita tena. Wiki haikuisha kabla meneja hajamthibitisha kazini.

Nilichojifunza, wakuu: script haina huruma, na hapo ndipo faida yake ilipo. Kosa likijitokeza kila mara mahali palepale, unalikamata. Mikono yetu ya upendo ndiyo iliyolificha.

Mshahara ulipotoka Kamau alitupeleka Kariokor kula nyama. Mama Awino alikuwa bado anaomba msamaha. Kamau akamsogezea mbavu nono, akamwambia, "Mama, siku nyingine ukiona naanguka, niache nianguke. Halafu uniite nione nimeangukia wapi."

Mama Awino aliacha kula, akamshika mkono.

Haya, semeni na nyinyi. Huko kazini kwenu, nani anawafunika kwa upendo mpaka kosa lenu hamlioni?