Shimo la Watasema

Mbwa wa Apolonia alizaliwa nusu yake imekufa. Mbele alikuwa mbwa kamili, ila nyuma alikokota miguu miwili iliyolegea kama majani ya maboga yaliyozidishiwa moto. Bwana mifugo alimpapasa uti wa mgongo, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa hakuna kitu. Nimchome sindano apumzike?"

Apolonia alimfunga mbwa wake kwenye kitenge, akarudi zake kijijini Kalenga bila kuaga, akampa jina la Watasema.

Na kweli walisema. Kinara wao alikuwa Bartholomeo, shemeji yake, mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, mwenye mdomo usio na breki.

"Shemeji, mlinzi gani huyu? Mwizi akija si atamruka tu kama kizingiti?"

"Na wewe ukilewa tunakuruka hapohapo mlangoni," Apolonia alimjibu, "mbona mkeo hajakutupa?"

Utani uliishia hapo, kazi ikabaki kwake peke yake. Kila siku alimfuta mkojo, akamwosha kwa maji ya chumvi vidonda vya kujiburuta, akamfunga kiunoni kipande cha gunia la mbolea. Kidonda kikifunga huku, kingine kilifumuka kule. Watasema hata kubweka hakujua, alikuwa akiguna tu na kumtazama. Apolonia hakuwa mjinga, alijua anatwanga maji kwenye kinu.

Ila kulikuwa na jambo moja alilolishikilia. Nyumbani kwao mtoto akichelewa kusimama huchimbiwa shimo, akasimamishwa humo mpaka kiunoni, udongo ukashindiliwa, ili ardhi iifundishe miguu kazi yake. Mwanawe wa pekee, Kalinga, alichimbiwa la kwake nyuma ya jiko. Alikuwa akicheka humo, mikono juu, kama mtu mzima aliyesimama kwa miguu yake. Hakuwahi kutembea. Homa ilimchukua angali mdogo, na mpaka leo kijiji kizima kinamwita mama yake Mama Kalinga. Apolonia aliamini walichelewa kuchimba, basi. Kwa Watasema hakutaka kuchelewa.

Akachimba pembeni ya mianzi, akamsimamisha humo, akashindilia udongo mpaka kiunoni. Aliyepita njiani aliona mbwa mzima, kichwa juu, masikio wima. Apolonia alikuwa akipukuchua mahindi huku akimtazama, na furaha ilimjaa hata akaona aibu. Kila asubuhi ikawa hivyo.

Siku moja ikafika zamu ya kulima kwa Bartholomeo, maana majirani walilimiana kwa zamu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Apolonia aliona udongo umelainika, akasema moyoni kwamba leo utamshika vizuri. Akamwacha shimoni, akachukua jembe, akavuka kijito.

Jua lilikuwa limeshapanda waliposikia mbwa akibweka upande wa pili. Alibweka kwa ukali, bila kupumua. Apolonia akanyanyuka, akaegemea jembe.

"Ni Watasema! Jamani, mnamsikia? Anabweka!"

Hata Bartholomeo alivua kofia. "Haya, Mama Kalinga, leo nimenyamaza. Mwanao kawa mlinzi."

Wanawake wakapiga vigelegele, na Apolonia akacheza kidogo palepale kwenye tuta, jembe begani. Mbwa alibweka kwa muda mrefu, kisha akanyamaza. Apolonia akasema amechoka, hajazoea, akaendelea kulima mpaka mwisho wa shamba.

Kumbe mvua ile ilikuwa imewafukuza siafu makaoni mwao. Alipofika nyumbani, shimo lilikuwa jeusi na linatembea. Alimfukua kwa mikono mitupu huku wakimng'ata mpaka mabegani, akammwagia maji, akammwagia majivu, akammwagia mafuta ya taa, kibatari kizima. Mwili ulikuwa bado na joto, lakini Watasema hakuwepo tena.

Bartholomeo alikuja na jembe, safari hii bila neno la utani, akaanza kutafuta mahali pa kumzika. Apolonia alimwambia aache, shimo lipo. Alikuwa amekaa chini, akibandua siafu waliong'ang'ania mikononi mwake, na vichwa vyao vilibaki kwenye ngozi.

"Alikuwa ananiita, shemeji," alisema. "Mimi nikacheza."