Punje Mbili za Kahawa Moja

Ka! Hivyo tu. Ganda la kahawa kavu likipasuka kati ya meno. Kwetu Bukoba utaisikia sauti hiyo katika kila nyumba yenye mgeni, na haijawahi kumtisha mtu. Mimi bado ninayo masikioni. Nakuomba unisikilize kabla hujacheka, kwa maana haya niliyaona saa sita mchana, jua utosini, na sikuwa nimeonja hata pombe ya rubisi.

Tulikuwa watatu: mama, mimi na mdogo wangu Koku wa miaka sita. Tunapanga chumba Kashai, hapo hapo mjini. Mama alimwahidi Koku kwamba akimaliza chekechea tutakwenda kuona ndege, akamaliza, akadai. Basi tukachukua gari la jirani hadi upande wa Kimwani, Muleba, kwenye hifadhi ndogo ya ndege kando ya kinamasi. Tulibeba ndizi na maharage kwenye hotipoti, na kahawa ya kutafuna ambayo bibi yetu wa Kitendaguro aliifunga kwenye jani kavu la mgomba.

"Hamwendi ugenini mikono mitupu," alisema.

"Bibi, wenyeji wetu ni ndege. Watatafuna na meno gani?"

Akanipiga kofi la mgongoni, tukacheka.

Mama alipokuwa akipanga chakula, mlinzi wa hifadhi aliniazima darubini. Kazi yangu ilikuwa moja, kumshika Koku mkono. Lakini korongo wa kijivu mwenye taji la njano alisimama mbele yangu, na unajua mimi nikitazama kitu kizuri naondoka kabisa: nilishajenga hoteli pale kichwani, nina wageni, nina baraza. Nikamwachia Koku ili nishike darubini kwa mikono miwili. Sina wa kumsingizia.

Nilipoishusha, Koku hayupo.

Mlinzi alikimbilia kwenye maji marefu, bila kusema kwa nini anaanzia huko. Mama aliita "Koku! Koku!" mpaka sauti ikakauka. Mimi niliingia kwenye mafunjo, maji magotini, majani yakanichana kidole.

Ndipo niliposikia ile ka! mbele yangu.

Alikuwa msichana wa rika langu, gauni la kijivu, kitambaa cha njano kichwani. Alisimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja, kama mtu anayejipumzisha. Anatafuna.

"Unatafuta mtoto," alisema. Hakuwa anauliza.

"Umemwona? Dada, tafadhali, umemwona?"

"Yuko pakavu. Hii ilikuwa ya mwisho. Una nyingine?"

Wewe ungefanyaje? Nilitoa kifurushi chote mfukoni, nikamsukumia. Akatikisa kichwa.

"Zote za nini? Moja. Tugawane."

Nikapasua moja kwa meno. Punje moja nikabaki nayo mdomoni, ya pili nikamwekea kiganjani kwa kile kidole kilichokuwa kinatoka damu. Akaimeza bila kutafuna.

"Basi. Sasa ni mdogo wetu," akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Koku alikuwa amekaa juu ya tuta la majani, hatua mbili kutoka nilipopita. Viatu vyake vikavu. Niliporudisha macho, msichana hayupo. Sitakudanganya kwamba nilimwona akiruka, sikuona. Niliona mafunjo yakitikisika, na upepo haukuwepo.

"Nani amekuleta hapa?" nilimuuliza Koku.

"Yule dada mwingine. Kanibeba."

"Kakubebaje?"

"Juu."

Mama alimkumbatia Koku, akanichapa mimi, kisha akatukumbatia wote. Halafu akapakua. Niamini, alipakua sahani nne, na mlinzi alishaondoka.

"Mama, hii ya nani?"

Akaitazama. "Sijui. Kula bwana, umenichosha."

Jioni tulipitia Kitendaguro. Nilimfuata Bibi jikoni nikamsimulia peke yake. Aliweka kisu chini.

"Kidole kilikuwa kinatoka damu?"

"Kidogo."

"Na punje zote mbili za kahawa moja?"

"Ndiyo, Bibi."

"Maawe! Mtoto, umefunga omukago."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo, nikidhani ni mambo ya wazee waliokwisha kufa. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu waligawana punje za kahawa moja zilizopakwa damu. Tangu hapo huyo ni ndugu wa tumbo moja. Hawezi kukudhuru wewe wala wako, na wewe huwezi kumnyima chakula wala mlango. Ukimnyima, Bibi alisema, punje inavimba tumboni mwako, na alichokupa anakidai.

"Alichokupa ni nini?" akaniuliza.

Nikachungulia mlangoni. Koku alikuwa nje, anafukuza kuku.

Mwaka umepita. Siku nyingine mama anapakua sahani nne, anajigombeza mwenyewe. Mimi ile ya nne siirudishi sufuriani. Kwenye kikapu cha kahawa nakuta maganda matupu, na hakuna anayetafuna kwetu ila mimi, nami yangu natupa nje. Koku akisubiri foleni ya maji anasimama kwa mguu mmoja. Namwambia, "Shusha," anashusha, anaendelea na hadithi zake. Ana afya, anakula, anapiga kelele.

Kwa hiyo nawe ukienda kule na watoto, washike mkono, darubini itakungoja. Ukikutana na mgeni, mpe kahawa nyingi, mjazie kiganja. Usigawane naye moja, labda kama kwenu kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi.

Mwezi uliopita tulihama, huko huko Kashai, mtaa wa pili. Mama na Koku walitangulia na mkokoteni. Nikabaki kufagia chumba kitupu. Nilipomaliza nilipasua kahawa moja, punje moja nikala, ya pili nikaiweka dirishani. Nikaeleza njia kwa sauti: upite fundi baiskeli, ukunje kulia, mlango wa bluu. Kisha nikapiga magoti kuaga, kama mdogo kwa dada yake, maana sijui kati yetu nani mkubwa.