Mchele wa Jumamosi

Mkwaruzo wa kikombe cha bati kwenye kitako cha debe tupu. Waridi aliusikia siku moja tu, akiwa na miaka saba, nyumbani kwao Chimala, mwaka ambao mvua zilikata barabara siku tisa. Chimala ni mji wa mchele, lakini mchele wa ghalani una mwenyewe. Mama yake aliinama ndani ya debe, akakwangua, akakwangua tena kana kwamba debe lingebadili jibu. Kisha akafunika. Jioni ile walikunywa chai ya rangi na kila mtu akasema ameshiba.

Miaka thelathini baadaye, katika nyumba ya vyumba vitatu mtaani Soweto, Mbeya, Waridi alikuwa bado anaukimbia mkwaruzo ule.

Alikuwa fundi cherehani wa kazi ndogo ndogo: kubadili zipu, kupunguza suruali, kutia viraka sare za shule. Kazi ya namna hiyo haimpi mtu nafasi ya kununua usalama kwa mkupuo, kwa hiyo aliuunga kama nguo ya vipande, kipande leo, kipande mwezi ujao. Vipisi vya mishumaa aliviyeyusha ndani ya kopo la maziwa, akatia utambi wa pamba, ukawa mshumaa mmoja mnene. Madumu manne ya mafuta ya kula, yaliyosuguliwa kwa majivu, yalijaa maji; kila Ijumaa aliumwagia mchicha maji hayo akajaza mapya. Kando ya jiko palikaa ndoo ya mchanga. Nyuma ya mlango, kwa chaki ya kuchorea nguo, aliandika namba ya Isakwisa wa bodaboda, na chini yake, kwenye msumari, ulining'inia mfuko wenye kadi za kliniki, pakiti mbili za dawa ya kuharisha na khanga safi.

Na palikuwa na pipa. Pipa la plastiki la bluu, lililowekwa chumbani kwa mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, kwa sababu hicho ndicho chumba pekee kisichovuja. Kila jioni, kabla ya kuosha mchele wa kupika, Waridi alichota konzi moja akaitia pipani. Konzi moja haipunguzi wali, alisema. Alichanganya na pilipili kavu kuzuia wadudu. Miaka mitatu ya konzi ilijaza pipa mpaka karibu na mdomo.

Wanawake wa uani walimwita Mama Tahadhari. Yusta, jirani yake wa ukuta mmoja, Mhehe aliyeolewa kutoka Iringa, hakumwacha apumue.

"Kamwene, Mama Tahadhari! Na jeneza umeshapima?"

"Jeneza ni lenu Walutheri. Sisi sanda inatosha, na sanda ninayo."

"Jamani, kweli anayo!"

"Hata yako nitakukatia, Yusta. Ila kwa mwili huo itabidi niunge."

Walicheka mpaka Bi Mwanaidi akatoka kuuliza kuna harusi ya nani.

Mume wake, Faraji, alifanya kazi Ubaruku, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Aliondoka Jumatatu alfajiri, akarudi Jumamosi na begi la mchele kilo tano, posho yake, pamoja na kiroba cha pumba kwa ajili ya kuku wa mama yake. Waridi alipokea begi kwa mikono miwili. "Ahsante, Baba Ruwaida. Mungu akuzidishie." Alisema hivyo kila Jumamosi, mbele ya binti yao, ili mtoto ajue chakula hutoka wapi.

Mwezi wa tatu, Jumamosi mchana, upepo uliokuja na mvua uling'oa paa la Yusta. Hakuumia mtu. Lakini mabati yalikwenda kulala kwenye mahindi ya watu, na unga wa Yusta ukageuka uji ndani ya ndoo. Alisimama nje na watoto wake wanne, maji yakiwachuruzika, hajui aokoe nini kwanza.

Waridi alitoka mbio na shuka. Hakuogopa. Kusema kweli, alikuwa karibu na furaha, maana hii ndiyo siku aliyoiandalia.

"Ingieni kwangu wote! Njaa hamtalala. Nani ana sinia kubwa?"

Sinia likaja, na wanawake wakaja nalo mpaka chumbani kwa Bi Mwanaidi. Bibi alinyanyuka kitandani upesi kuliko magoti yake yalivyozoea.

"Waridi mwanangu, acha kwanza. Tuombe unga kwa majirani."

"Unga wa nini, mama, na mchele tunao?"

Akafunua pipa. Bakuli la kwanza lilitoka na mchele safi, mweupe. La pili pia. La tatu likagusa kitu. Akapapasa: kipande cha mfuko wa salfeti, kimekatwa mviringo, kimekaa pipani kama mfuniko wa pili. Akakivuta. Chini yake bakuli halikukwaruza wala kugonga, lilizama kimya. Alichochota akakimwaga kwenye sinia, mbele ya wanawake sita.

Pumba.

Hakucheka mtu. Yusta alilivuta sinia kwake, akapepeta kidogo, kana kwamba katikati ya pumba zile pangebaki chochote.

"Labda panya, dada," akasema.

"Panya hakati salfeti kwa mkasi."

Mchezo huo anaujua kila muuza mchele: mzuri juu, chenga chini, mnunuzi achungulie aridhike. Waridi, mtoto wa Chimala, aliujua tangu utotoni. Hakujua kwamba mtu anaweza kuchezewa mchezo huo na watu wa nyumbani mwake. Akakumbuka Jumamosi moja alipokuta pilipili kavu ndani ya mchele wa Faraji. Alicheka peke yake siku ile, akasema kumbe hata Ubaruku nao wanazuia wadudu. Akaupika mchele. Konzi moja akairudisha pipani.

Majirani walileta unga, kila mmoja na bakuli lake, na watoto wa Yusta wakala ugali na mboga za majani. Waridi hakula. Alimfuata Bi Mwanaidi uani, penye banda la kuku.

"Mama, ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kiroba cha kwanza cha pumba. Tajiri wake alifunga mashine mpya, akapunguza watu. Miezi mitatu sasa. Anabeba mizigo Chimala, siku anapata, siku hapati. Wewe Jumapili ukienda kushona sokoni, ndipo anachota mchele pipani, anatia pumba. Jumatatu anaondoka nao, Jumamosi anarudi nao."

"Kwa hiyo mchele wangu ulikuwa unapanda basi."

"Mwanaume akivuliwa nguo, unamtupia shuka. Huwaiti majirani waje waone."

"Na mimi ni jirani, mama?"

Bi Mwanaidi aliwatazama kuku wake watatu.

Waridi alikuwa ameilinda nyumba ile na moto, na giza, na kiu, na kuhara kwa mtoto. Shida ikaingia kwa mlango wa mbele, ikavua viatu, ikakaa nao kwenye mkeka miezi mitatu, na wote wakaijua kwa jina isipokuwa yeye. Kuibiwa mchele angeweza kuvumilia. Kilichomchoma kilikuwa zile shukrani. Kila Jumamosi alishukuru kwa mikono miwili, na watu wawili walisimama pale wakamwacha ashukuru.

Faraji alifika kabla ya adhana ya magharibi. Akaona nyumba ya Yusta bila paa, akaona watoto wa watu wamejilaza mkekani kwake, halafu akaona sinia la pumba ambalo Waridi hakulimwaga. Aliliweka begi chini taratibu, kama mtu anayeshusha mayai.

"Mama Ruwaida."

"Pole na safari."

"Nilitaka nipate kazi kwanza. Nikipata, ningelijaza pipa lote. Usingejua."

"Ndiyo. Nisingejua."

"Ulivyokuwa unanipokea… Nilishindwa. Nilisema Jumamosi hii nitamwambia, nafika mlangoni, unanyoosha mikono."

Waridi alikuwa ameshika kile kipande cha salfeti. Ukingo wake ulikuwa laini, umekatwa kwa mkono usiokurupuka, kwa mkasi wake mwenyewe, na bila shaka kwa kipimo cha futi yake ya kushonea. Mtu aliyepata muda wa kupima mdomo wa pipa alipata pia muda wa kuja sokoni, akavuta kigoda, akasema.

"Nigombeze basi," Faraji akasema. "Piga kelele, watu wasikie, yaishe."

Mtoto mdogo wa Yusta aligeuka usingizini. Waridi akamfunika miguu. Miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kumwita mume wake kwa jina. Alisogea karibu, mpaka hakuna mwingine ambaye angesikia.

"Ungeniambia, Faraji, tungekula mchele ule ule. Ila tungejua tunakula nini."