Uso Uliobaki Kwenye Ubao wa Taa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilirudi Gisenyi kutoka Uganda, nikiwa na kiburi cha mtu anayejua kuandika programu kwa Python mahali ambapo hakuna aliyemuuliza. Nikaajiriwa na muuza redio mmoja karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Kongo. Alikuwa ameagiza ubao wa taa ndogondogo nyekundu, akautundika juu ya mlango kutangaza bidhaa kwa watu waliokwenda na kutoka Goma. Kazi yangu ilikuwa kugeuza picha ziingie humo.

Mama mdogo wangu alikuwa amempoteza binti yake njiani miaka michache kabla, katika msongamano wa watu waliokuwa wakirudi kutoka Kongo. Alibaki na picha moja tu: yeye ameketi, mtoto mapajani. Tajiri wangu, Mungu amzidishie, alisema kwamba kila asubuhi ubao ni wa mtoto huyo hadi apatikane.

Nilidhani ni kazi ya kufumba na kufumbua. Picha ilitoka kwenye skana na ngazi mia mbili hamsini na sita za kijivu; taa zangu zilijua mambo mawili, kuwaka na kuzima. Kwanza niliiacha Python inyunyize nukta kuigiza vivuli. Wakatokea mama na mtoto wenye surua. Nikafuta, nikaamuru kila nukta iliyozidi nusu ya mwangaza iwake, nyingine zizime. Nyuso zote mbili zikazama gizani, kikabaki kitambaa cheupe cha kichwani kikielea peke yake. Aliyepanga kwamba nusu inatosha hakuwahi kupiga picha kwetu. Nikashusha kipimo kidogo kidogo, huku nikitoka nje kutazama kutoka barabarani, mpaka uso wa mama mdogo ukajitokeza: paji, macho, mwanya wa meno ya mbele. Lakini mtoto, aliyekuwa kwenye kivuli cha mama yake, alibaki doa. Nikishusha zaidi, ubao mzima unawaka na wote wanapotea.

Mama mdogo alisimama barabarani akatazama, mikono kiunoni.

"Sasa uso yangu ya nini? Mutoto iko wapi?"

"Hapo chini, mama."

"Pale mi naona kiazi."

Niliona aibu, kisha nikakasirika. Nikamwambia tuiache hivyo wakati natafuta njia nyingine. Sikuipata.

Siku kadhaa baadaye mwanamke mmoja muuza mboga wa Goma alisimama mlangoni petu na msichana aliyemlea tangu alipomkuta njiani. Msichana alikuwa amekua. Hata ningefaulu kuitoa sura yake ya utotoni, nani angemtambua? Msichana mwenyewe ndiye aliyeitambua sura ya mama yake, ikiwaka juu ya mlango wetu.

Nilimshukuru yule mwanamke mpaka akaona haya. Nashukuru hadi leo, hata kwa kushindwa kwangu. Mama mdogo aliitwa, akaja mbio bila viatu. Msichana alimkamata kitenge kwa mikono miwili, akamuuliza kwa sauti ya kugombeza:

"Mama, ulipoteaka wapi?"