Boila Niliyoiwasha Kwenye Kompyuta

Mwenzenu nilishawahi kuendesha kiwanda kizima nikiwa nimekaa kwenye kiti. Kiwanda chenyewe, cha mafuta ya kula huko Temeke, kilikuwa kimefungwa, mashine zimelala, popo wamehamia. Miaka ile serikali ilikuwa inauza viwanda vyake, na tajiri aliyekitaka hiki alisema hatoi senti mpaka aoneshwe kwa hesabu kwamba kitazalisha tani anazotaka. Nikaletwa mie, mhandisi binti, nimetoka chuoni juzi tu, nikapewa chumba chenye kompyuta moja na feni isiyogeuka shingo.

Kazi nilikuwa naijua. Kila mtambo niliuandikia hesabu zake: mafuta yanaingia kiasi gani, mvuke kiasi gani, joto linapotelea wapi. Kompyuta inakisia, inarudia, inakisia tena, hadi namba za mtambo mmoja zikubaliane na za mwenzake. Mie subira sina. Umeme wa mgao ukikatika katikati ya hesabu, nilikuwa naitukana mashine ile mpaka mlinzi anachungulia dirishani. Lakini sikuacha, maana nilikuwa na langu jambo.

Mchumba wangu alikuwa fundi wa boila, lile tangi la chuma la kuchemshia mvuke, pale pale. Kiwanda kilipofungwa alisota mtaani, akachoka, akamfuata mjomba wake Muskat. Siku anaondoka aliniambia, "Boila yangu ikiwaka tu, narudi, tunaoana." Basi kila nilipofungulia mvuke kwenye kompyuta nilikuwa namuona yeye, kaloa jasho, taulo shingoni, anaigongagonga geji ya presha kwa kidole. Jamani, nilimkumbuka. Nilikumbuka hadi harufu ya mafuta ya pamba kwenye shati lake, harufu ambayo nilikuwaga namgombeza nayo.

Siku hesabu zilipokubaliana, sikuzipenda. Tani za tajiri zilitaka mvuke mwingi, na kuupata ilibidi boila ile ibanwe presha ambayo chuma chake, kilivyoliwa na kutu, kisingeihimili. Nikashusha presha hadi palipo salama. Mafuta yakaanguka chini ya nusu. Nikarekebisha hiki na kile, nikaziba kila mahali joto lilipokuwa linatorokea, ikawa yale yale. Ilibaki namba moja tu, unene wa chuma cha boila. Ningeandika unene wa zamani, wa boila ikiwa mpya, kila kitu kingekaa sawa, na hakuna ambaye angeniuliza. Nilikaa na namba ile kutwa nzima, roho inanivuta Muskat. Mwisho nikaandika ile iliyopimwa kweli, nikapeleka ripoti. Tajiri hakutaka hata kusikia habari ya boila mpya. Alinunua majengo, akayafanya ghala la mafuta ya kutoka nje.

Mchumba wangu alikuwa akipiga simu kwenye duka la Mwarabu, jirani yetu kule Mbagala, baada ya sala ya Ijumaa. Nikasimama katikati ya magunia ya sukari, nikamweleza yote, na habari ya namba nayo nikamweleza. Nikawa nasikia magari ya huko aliko.

"Kwa hiyo ungeweza kuandika ile nyingine," alisema.

"Ningeweza. Ungekuja kusimama mbele ya boila inayoweza kupasuka?"

"Ningekuja."

Hakusema kwa hasira. Alisema taratibu, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Mwarabu akajifanya anapanga sabuni asinitazame machozi.

Nilijua angekuja, na ndiyo maana sikuiandika. Nikafungua mdomo nimwambie hilo, laini ikawa imeshakatika. Ijumaa iliyofuata nilikaa dukani mpaka Mwarabu akafunga milango, na simu haikuja. Wallahi, hadi leo naisubiri.